Mungu wa Kuchaguliwa au Mungu Somo? Upagani Mpya na Usomaji wa Saga za Iceland

Katika maandishi ya wapagani wa leo wa Ulaya na Marekani, kila anayeanza huuliza swali lile lile: kati ya miungu wote wa kale, nimheshimu yupi? Jibu analopewa kwa kawaida ni kwamba achague mwenyewe. Naye akitaka ushahidi kwamba watu wa kale walichagua vivyo hivyo, mara nyingi huelekezwa kwenye saga za Iceland. Makala haya yanauhakiki usomaji huo. Kuipima imani yenyewe si kazi ya mhakiki wa fasihi. Tunauliza iwapo matini zinazotajwa zinasema kweli yale zinayosemeshwa. Na kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili, tutauliza pia ni neno gani la lugha yetu liwezalo kuubeba uhusiano huo wa mtu na mungu wake bila kuupotosha.

Hapa pana tatizo la sarufi linalotangulia mengine yote. Tukisema «Mungu anapenda» lakini «miungu inapenda», upatanisho tayari umekwisha kutoa hukumu: mmoja ni mwenye nafsi, wengi ni vitu, kama miti na mikeka. Lakini twasema «mitume walihubiri» na hakuna anayeshangaa. Basi tutawapa miungu upatanisho wa mitume, kwa sababu saga zenyewe zinawachukua kama watu wanaosemeshwa na kujibu.

Desturi ya kila mtu kujichagulia mungu si kongwe kama inavyodhaniwa, hata ndani ya upagani mpya. Gerald Gardner, aliyechapisha Witchcraft Today mwaka 1954, miaka 3 baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi, hakumwekea mfuasi orodha ya kuteua. Palikuwa na mungu wa kiume na mungu wa kike, na majina yao yalifichwa mpaka mtu aingizwe rasmi katika kundi. Uwanja ulipanuka baadaye. Margot Adler, katika Drawing Down the Moon (1979), alieleza makundi ya Marekani yaliyojijengea ibada kutokana na vitabu juu ya Wamisri na Wagiriki wa kale. Huko Iceland, chama cha Ásatrúarfélagið kiliundwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka 1973. Kiongozi wake wa kwanza, Sveinbjörn Beinteinsson, alikuwa mkulima na mshairi. Hawa wote walikuwa wasomaji. Waliwakuta miungu wao katika maktaba kwanza.

Na maktaba ina desturi zake. Orodha inayotumika sana, ile inayosema huyu ni wa bahari na uvuvi, yule wa mapenzi, yule wa amani na mavuno, inatoka kwa kiasi kikubwa katika Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa yapata mwaka 1220. Snorri alikuwa Mkristo katika nchi iliyokuwa imepokea Ukristo kiasi cha miaka 220 kabla yake. Alitaka washairi vijana wasisahau mafumbo ya ushairi wa kale, kwa hiyo aliwapanga miungu kama mwalimu apangavyo masomo: jina, kazi, na jambo ambalo yafaa kumwomba. Mpagani wa leo anayepitisha kidole juu ya orodha hiyo akitafuta mungu anayelingana na tabia yake anatumia kitabu cha mafunzo ya ushairi kana kwamba ni kitabu cha ibada. Si kosa la kuchekwa, lakini yafaa lijulikane.

Sasa tumtazame Thorolf wa Eyrbyggja saga. Hapo kwanza jina lake lilikuwa Hrolf. Alilitunza hekalu la Thor katika kisiwa cha Mostr, Norwei, na kwa sababu ya urafiki wake na Thor akaitwa Thorolf. Alipokosana na mfalme Harald alitoa kafara kubwa, akamuuliza Thor, ambaye saga inamwita rafiki yake mpenzi, iwapo apatane na mfalme au ahame. Jibu lilimwelekeza Iceland. Akalibomoa hekalu, akapakia mbao zake pamoja na udongo uliokuwa chini ya kiti cha Thor. Alipokaribia nchi kavu alizitupa baharini nguzo za kiti chake cha heshima, moja ikiwa imechongwa sura ya Thor, akatangaza kwamba atakaa pale Thor atakapopanda pwani. Ni nani hapa anayechagua? Hekalu lilikuwepo kabla ya safari, jina lilitokana na urafiki uliokwisha kukomaa, na mahali pa kukaa palichaguliwa na ubao unaoelea. Wasomaji wanaolitaja tukio la nguzo kama mfano wa mtu «kumchagua» Thor wanausahau ule udongo. Mtu hasafirishi udongo kwa ajili ya mungu aliyemteua juzi.

Hrafnkels saga ni ngumu zaidi, na ndiyo hasa iliyotusukuma kuandika. Hrafnkell anampenda Freyr kuliko miungu wengine wote, na anamgawia nusu ya mali yake iliyo bora, pamoja na farasi aitwaye Freyfaxi. Anaapa kumwua yeyote atakayempanda farasi huyo bila idhini yake. Einar, mchungaji wake maskini, anapotewa na kondoo. Farasi wengine wanamkimbia, Freyfaxi peke yake anasimama kimya. Einar anampanda. Jioni farasi anakwenda mwenyewe hadi mlangoni pa Hrafnkell, ametapakaa matope na jasho, na Hrafnkell anaitimiza nadhiri ingawa moyo wake hautaki.

Maandishi ya wapagani wapya yanaipenda nusu hii ya hadithi: nusu ya mali, farasi wa wakfu, uaminifu usioyumba. Nusu ya pili hutajwa mara chache. Hrafnkell anashtakiwa na kushindwa, anafukuzwa katika ardhi yake. Maadui wanamfunika Freyfaxi kichwa kwa mfuko na kumsukuma genge, kisha wanalichoma hekalu. Habari zinapomfikia, Hrafnkell anasema kuwaamini miungu ni upuuzi, na tangu siku hiyo hatoi kafara tena. Anastawi upya, na baada ya miaka 6 anairudisha mali yake kwa upanga. Yumkini mwandishi, aliyeishi katika karne ya 13, alikuwa na haja zake za Kikristo. Hata hivyo hatuwezi kuikubali nusu ya kwanza kama ushuhuda wa dini ya kale na kuitupa ya pili kama uzushi wa makasisi, kwa kuwa ni kalamu moja iliyoziandika zote mbili. Na kama kuna mahali ambapo saga inaonyesha uchaguzi wa mtu binafsi, ni hapa, katika kumwacha mungu.

Anayetaka uhuru wa kuchagua angefaidika zaidi na Helgi wa Landnámabók, aliyemwamini Kristo lakini akamwita Thor kwa safari za bahari na mambo mazito. Huyu, sijui kwa nini, hatajwi sana.

Tuje kwenye neno. Kinorse cha kale kinatumia fulltrúi, yule ambaye mtu amemtegemea kabisa. Katika Eiríks saga, Thorhall mwindaji ndivyo anavyomwita Thor. Baadhi yetu tungeandika «mungu msimamizi», lakini neno hilo linanukia ofisi. Tunapendekeza «somo». Somo ni mwenye jina moja nawe. Ni rafiki wa siri. Ni mlezi wa unyago katika pwani. Na kwa Wakatoliki ni mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Thor ni somo wa Thorolf kwa maana karibu zote hizi. Tena usomo wa jina aghalabu hupokewa: mtu hupewa na wengine. Pingamizi lipo: harufu ya ubatizo. Tunaikubali, maana saga nazo ziliandikwa na watu waliobatizwa.

Lakini katika Kongo kuna neno lisilovumilia uzembe kama huo. Mwanafunzi atakayefasiri kitabu cha Gardner kwa jina «Uchawi wa Leo» ataleta katika lugha yetu neno linalotumika kuwafukuzia watoto majumbani. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, ilipiga marufuku kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikaweka adhabu. Mchawi wa Gardner ni mfuasi wa dini anayejitaja kwa hiari. Mchawi wa mitaani Kinshasa hutajwa na wengine. Kuandika «Wika» kwa tahajia yetu kutamchekesha kila aliyewahi kuamshwa na jogoo. Basi iandikwe «dini ya Wicca», kwa herufi zake za kigeni, na neno uchawi libaki nje ya jalada.