DOOM: Mchezo wa Bunduki Ulioingia Chuoni



Leo naomba ruhusa kusema juu ya kitu ambacho wengi wetu tulio wazee hukihukumu bila ya kukitazama, nacho ni mchezo wa kompyuta. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoambiwa kuwa vijana wa chuo chetu hapa Tabora wanacheza mchezo wa kupiga bunduki, tena katika kompyuta za wakfu, nilichukua bakora yangu nikaenda. Nilikaa huko mpaka adhana ya alasiri, na bakora sikuitumia.

Kompyuta zenyewe ni nne, zote kuukuu, zilizotolewa maofisini zikaja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam. Aliyezitoa aliziweka wakfu ili vijana wajifunze kupiga chapa na kuweka hesabu. Njia hii ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ina mazoea ya kupokea vilivyokwisha kazi kwa wenyewe. Zamani yalipanda magobore ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameyaacha, maelfu kwa maelfu, zikashuka pembe na wakashuka watu. Sasa zimepanda kompyuta.

Nilimwuliza mkubwa wa wale vijana, "Mwanangu, wakfu mmeugeuza kiwanja cha mchezo?" Akanijibu kwa adabu, "Maalim, kupiga chapa tumekwisha jifunza. Huu mchezo ndio uliotufundisha kompyuta ni kitu gani." Jibu lile sikulipenda. Lakini nilipomwambia anionyeshe, niliona lina kweli ndani yake.

Mchezo unaitwa DOOM. Ulitolewa Desemba 1993 na kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, na wenye jina kubwa katika kazi ile ni John Carmack, aliyeandika mtambo wake, na John Romero. Hapa kwetu wakati ule kompyuta ilikuwa kitu adimu, kwani serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, na marufuku ile haikuondoka kabisa mpaka miaka ya tisini. Kwa hiyo mchezo huu umewafikia vijana wetu ukiwa mzee kuliko wao.

Hekima yake ni kuwa waliounda wameutenga mtambo na vitu vinavyoonyeshwa. Wasomaji wa umri wangu watafahamu nikisema kuwa mtambo ni santuri, na lile faili kubwa la picha, sauti na ramani ni sahani yake. Mwaka 1997 wenyewe walitoa maandishi ya mtambo hadharani, kila mtu ayasome, na tangu hapo watu wametengeneza santuri nyingi mpya za kupigia sahani ile ile. Kompyuta ya kwanza katika zile nne, ya namna ya 286, ilikataa katakata, kwa sababu DOOM unataka 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache. Wakaipa Wolfenstein 3D wa mwaka 1992, kazi ya watu wale wale. Ya pili, 486, ilikubali, ila picha ikawa inaburuta maadui wanapokuwa wengi, mpaka kijana akabonyeza alama ya kutoa ili dirisha la mchezo lipungue. Sauti ndiyo iliyowatesa. Lazima programu iambiwe kadi ya sauti inakaa katika namba gani, nao waliandika 7 wakapata kimya. Siku ya tatu wakaandika 5, spika zikalia. Ya tatu ina Windows XP, na humo mchezo wa asili haukutoa sauti ya kufaa, basi wakauacha mtambo wa zamani wakachukua mmoja katika ile mipya. Na ya nne, ya kupakata, iliyotiwa Linux, wakafanya vivyo hivyo.

Mimi nimesomesha irabu miaka arubaini. Namjua mtoto anayekariri na namjua mtoto anayefahamu. Vijana wale wamefahamu.

Haya ni ya ufundi. Ama mchezo wenyewe, niliutazama kwa makini, na sitaficha kuwa nilishika kibodi mwenyewe nikafa katika ua wa kwanza. Ni kazi ya watu mahodari. Giza na mwangaza vimepangwa hata mtu akawa anasikia mngurumo nyuma ya ukuta kabla hajaona kitu, na moyo ukampiga. Hadithi yake ni nyembamba: katika miezi ya sayari ya Marikhi watu wamefungua mlango usiofunguliwa, wakatoka mashetani, na askari mmoja anawapiga risasi mpaka awafuate kwao. Sehemu ya tatu imepewa jina la Inferno, yaani Jahannam.

Hapo ndipo pa kwanza niliposimama. Shetani katika dini yetu hapigwi risasi. Iblisi amepewa muhula mpaka siku maalumu, na silaha yake ni wasiwasi anaoutia kifuani, na ngao ya mja ni kujilinda kwa Mola wake. Katika DOOM shetani ana pembe na kwato, anaonekana kwa macho, na ukimpiga mara kadhaa anaanguka, basi. Na Jahannam imefanywa mahali pa kuingia na kutoka, kama mtu aliyekwenda Urambo akarudi. Mtoto aliyezoea shetani wa namna hii atamtafuta mwenye kwato, na huku yule wa kweli amekaa naye anamwambia sala ya alasiri bado ina wakati. Hiyo kwangu ni ila ya mchezo kama mchezo, si ya dini tu: umechukua jambo la kutisha kuliko yote ukalifanya dogo.

La pili ni kubwa zaidi, na nashangaa kuwa walioulaumu mchezo huu kule kwao walishughulika na pembe na alama za kichawi wakaliacha hili. Maadui wa mwanzo si mashetani. Ni watu, wamevaa sare za askari, wana bunduki. Nikauliza, "Na hawa je?" Kijana akacheka, "Hawa si watu, Maalim. Kitabu cha mchezo kinasema walikuwa watu zamani." Nikamwambia anisomee, na kweli ndivyo walivyoitwa, waliokuwa watu. Wakipigwa huanguka, na maiti zao hubaki pale pale sakafuni mpaka utoke.

Ndugu zangu, neno hilo mji huu unalijua. Waliofungwa minyororo wakashushwa njia hii mpaka pwani walikuwa watu kwao, wana majina na wana mama. Barabarani wakawa mizigo ya kuhesabiwa. Na katika waliofanya biashara ile walikuwemo wanaosali, tusijifiche. Hamed bin Muhammed, aliyeishi na kufanya biashara katika nchi hizi, mwenyewe ameeleza kuwa jina la Tippu Tip alipewa kwa mlio wa bunduki zake, ijapokuwa wako wasemao ni kwa kupepesa macho. Mtu kuitwa kwa mlio wa bunduki!

Sisemi kuwa mchezo humfanya mtoto muuaji. Baada ya wanafunzi wawili kuua wenzao katika shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, ilisemwa sana kuwa walikuwa wakicheza DOOM. Lakini Mirambo na Waarabu wa Tabora walipigana mwaka 1871 bila ya kompyuta, na Mtemi Isike alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipomzidi, na hapakuwa na umeme. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: mchezo humzoeza mtu kutouliza aliyeanguka alikuwa nani. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake chuma hata kwa mzaha.

Je, ni haramu? Sisi Mashafii twajua kuwa sataranji, kwa kauli iliyo mashuhuri, ni makuruhu madamu hapana kamari wala haipotezi sala. Siwezi kuufanya mchezo huu mwepesi kuliko sataranji, wala sina dalili ya kuuharimisha moja kwa moja. Ila nilikuta haramu nyingine ambayo hakuna aliyeniita kwa ajili yake. Sehemu ya kwanza ya DOOM ilitolewa igaiwe bure, kama muuza halua anayekuonjesha kipande. Nayo inamalizika kwa askari wako kutupwa gizani kuliwa, kisha unaambiwa ununue zilizobaki. (Biashara ya kitoto, lakini iliwatajirisha.) Vijana walikuwa nazo zote, wamenakili katika flashi ya rafiki. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwaka 1988 ilipitisha kuwa haki ya mtungaji ni mali yenye kulindwa. Nikawaambia wafute, wakafuta mbele yangu. Baadaye wakaleta Freedoom, sahani iliyotengenezwa na watu waliojitolea ili igaiwe bila ya dhambi. Picha zake hazina kishindo cha zile za asili, lakini ni halali ya mtu.

Na wakfu? Sharti la mwenye kuweka wakfu lazima lifuatwe. Nilimpigia simu nikamweleza yote, hata bunduki. Akasema maadamu wanajifunza na wadogo hawakosi zamu yao, ameridhia.

Sasa wana jambo jipya. Mtambo wa DOOM hauwezi kuweka chumba juu ya chumba, kwa hivyo nyumba ya ghorofa haichoreki. Mmoja wao akasema, "Tembe haina ghorofa." Wakaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, katika tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, wakapima vyumba na ua kwa futi ya fundi cherehani, wakaichora ramani. Yakaanza mabishano ni nani awekwe ndani mahali pa mashetani. Mmoja alitaka watekaji wa watumwa, mwingine askari wa Kijerumani. Nikawaambia wasiweke mtu kwanza, waniite.

Juzi waliniita. Nikafungua mlango, nikapita chumba kwa chumba mpaka uani. Kila niendako bunduki inatangulia mbele ya macho yangu. Nikamwambia aiondoe. Akasema, "Haiondoki kwa ramani, Maalim. Hiyo imo ndani ya mtambo, lazima niyasome yale maandishi ya 1997." Nimempa ruhusa ya saa moja kila siku baada ya isha, kwa mwezi huu, na ufunguo wa chumba anao.