Je, Kizuri Chajiuza? Mapendekezo ya Podikasti kama Uhakiki

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inachukulia kwamba bidhaa imetandazwa sokoni, na mnunuzi aweza kuikagua kabla ya kufungua kibindo. Sauti haina sifa hiyo. Kitabu hufunuliwa kurasa mbili tatu, na kitambaa hupapaswa. Lakini kipindi cha podikasti hakijulikani mpaka kisikilizwe, na kukisikiliza aghalabu ni kutoa saa nzima ya maisha. Kwa sababu hiyo, katika utanzu huu ambao jina lake la Kiingereza lilipendekezwa na Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian mwaka 2004, neno la msikilizaji kwa msikilizaji mwenziwe lina uzito wa pekee. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pendekezo la namna hiyo ni uhakiki, ingawa ni mfupi, na kwa hiyo halina budi kupimwa kwa vipimo vya uhakiki.

Udhaifu wa kwanza wa mapendekezo mengi ni kusifu bila kueleza. Chukua mfano wa kipindi cha 158 cha podikasti ya Kimarekani Reply All, kiitwacho "The Case of the Missing Hit", kilichotolewa Machi 2020. Mtu mmoja anaukumbuka wimbo wa ujana wake, maneno na lahani, lakini hauoni popote katika intaneti. Watayarishaji wanakusanya wanamuziki ili waurekodi upya kutoka katika kumbukumbu yake peke yake. Gazeti la The Guardian lilikisifu kipindi hiki kuwa huenda ndicho bora kupita vyote vilivyowahi kutolewa katika fani hii, na wengi wamezirudia sifa hizo. Lakini sifa hizo hazimwelezi msikilizaji kitu. Ubora wa kipindi umo katika swali linalokibeba: je, kilichohifadhiwa katika kichwa cha mtu mmoja tu, bila shahidi wa pili, kina ithibati gani? Mtafiti wa fasihi simulizi aliyewahi kuketi mbele ya mzee wa mwisho anayeujua utenzi fulani hulitambua swali hili mara moja. Pendekezo lenye manufaa lingelitaja swali hilo, kisha lingenyamaza. Apendekezaye akisema kama wimbo ulipatikana au haukupatikana, ameivunja taharuki ambayo ndiyo uti wa mgongo wa masimulizi hayo.

Udhaifu wa pili ni kuyafanya machozi kuwa mizani. Kipindi cha 597 cha This American Life, kilichotoka mwaka 2016, kina sehemu kuhusu kibanda cha simu huko Otsuchi, Japani. Simu hiyo haikuunganishwa na waya wowote. Itaru Sasaki aliisimamisha katika bustani yake baada ya kufiwa na binamu yake. Na baada ya tsunami ya Machi 2011, waliofiwa walianza kwenda hapo kuzungumza na wapendwa wao. Sehemu hiyo inatumia sauti zilizorekodiwa na shirika la utangazaji la NHK. Kwa kawaida hupendekezwa kwa kauli moja: utalia. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini inamtayarisha msikilizaji kungojea machozi badala ya kusikiliza maneno. Nguvu ya sauti hizo haitokani na lugha ya kuomboleza. Mbolezi ina mapokeo yake, mapambo yake na hadhira yake. Hapa msemaji yuko peke yake, na anasema mambo ya kawaida ya nyumbani, huku kimya kikichukua nafasi ya jibu. Mhakiki anayekielekeza kimya hicho amempa msikilizaji sikio la pili. Anayetaja machozi tu amemnyang'anya hata lile la kwanza.

Udhaifu wa tatu ni mzito zaidi, kwa kuwa unahusu maadili. Mfululizo wa Serial wa Sarah Koenig, ulioanza Oktoba 2014, ulisimulia katika vipindi 12 kesi ya Adnan Syed, aliyehukumiwa kwa mauaji ya mwanafunzi Hae Min Lee, yaliyotokea Baltimore mwaka 1999. Mfululizo huo ulipata tuzo ya Peabody, na wasikilizaji waliambizana habari zake kama waambizanavyo habari za riwaya ya upelelezi. Mwaka 2022, kesi iliporudi mahakamani, ndugu wa marehemu alieleza kwamba kwake jambo hilo si podikasti bali ni maisha halisi. Usemi huo unafaa kuwa kikomo cha kila pendekezo. Anayemwambia mwenziwe kwamba kisa kitamsisimua, bila kumkumbusha kwamba ndani yake mna binti aliyeuawa na jamaa waliobaki, ameigeuza maiti kuwa mhusika. Fani ya mfululizo huo yaweza kusifiwa kwa haki, hasa jinsi msimulizi anavyoikiri shaka yake mwenyewe. Lakini sifa hiyo na ikumbuke inamsifu nani juu ya kaburi la nani.

Mintarafu ya Afrika ya Mashariki, suala hili linawagusa wanalugha moja kwa moja. Legally Clueless, podikasti ya Adelle Onyango iliyoanza Nairobi mwaka 2019, huwapa watu wa kawaida nafasi ya kusimulia maisha yao kwa vinywa vyao. Masimulizi ya namna hiyo yanastahili kupendekezwa kwa istilahi ambazo Kiswahili kinazo tangu zamani: kiimbo, kituo, taharuki, kiitikio, mnato wa hadhira. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhakiki ngano aweza pia kuandika aya moja juu ya kipindi kimoja. Aya hiyo itaje kipindi chenyewe wala si mfululizo wote, ieleze kinachofanya kazi ndani yake, ifiche kinachostahili kufichwa, na imheshimu anayesimuliwa. Kizuri cha kusikilizwa hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukitembeza kwa uaminifu, naye anayekitembeza hana budi kukumbuka kwamba bei yake ni saa ya mtu mwingine.