Sita, Saba, Tisa: Kitabu cha Picha katika Nyumba ya Jebel Ali

Jengo la maduka la Ibn Battuta, lililoko Jebel Ali mjini Dubai, limegawanywa sehemu sita kwa kufuata safari za msafiri huyo: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Mombasa na Kilwa, alikofika mwaka 1331 na kusimulia aliyoyaona, hazina sehemu yao. Mtoto wa Waswahili anayekulia jirani na jengo hilo hupata Kiingereza darasani, na Kiarabu pia, kwa kuwa ni somo la lazima shuleni. Kiswahili hukikuta nyumbani tu, aghalabu kwa saa moja ya jioni, mzazi akisharudi kazini. Katika saa hiyo kitabu cha picha hutwishwa mzigo mzito. Suala la mhakiki ni kama kitabu chenyewe kiliumbwa kuubeba.

Miongoni mwa vitabu vinavyojulikana zaidi ughaibuni ni Moja Means One, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings, kikatolewa Marekani mwaka 1971. Muriel alikuwa amefundisha Uganda. Tom alikuwa amefanya kazi Ghana. Mwaka 1972 michoro hiyo ilitunukiwa heshima ya Caldecott, na Tom akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata. Mtoto aliyekusudiwa ni yule ambaye historia ilimpokonya lugha na bara la wahenga wake. Ndiyo maana jina la kitabu limejengwa kwa lugha mbili: Kiswahili kinaonyeshwa, Kiingereza kinaeleza.

Mpango huo, uliokuwa wa haki kwa msomaji wake wa kwanza, hugeuka kikwazo Jebel Ali. Mama wa Mombasa akisoma kila sentensi kama ilivyochapwa, atakuwa amemaliza kuanzia moja hadi kumi na mwanawe amesikia takriban maneno kumi tu ya Kiswahili. Yaliyobaki yote ni Kiingereza, lugha ambayo mtoto ameshinda nayo kutwa. Kuyafuata maandishi kwa uaminifu ni kumpunja mtoto. Kinachomwokoa mzazi ni michoro. Tom Feelings hakupaka rangi kali; alitumia vivuli laini, na picha moja akaitandaza kurasa mbili, watu wakishughulika na mambo yao. Picha hizo zinaweza kusimuliwa kwa lugha yoyote.

Mfano ni ukurasa wa mbili. Maandishi yanauita mchezo uliochorwa mankala. Mswahili anaujua kwa jina la bao. Hapo mzazi ana hiari ya kulisoma neno lililochapwa na kupita, au kulikataa:

“Mama, wanacheza nini?”

“Bao. Babu yako hucheza barazani kila baada ya alasiri.”

“Nani anashinda?”

Kitabu hakisemi nani anashinda. Jibu litatafutwa katika nyuso za wachezaji, na katika kulitafuta, mtoto atahitaji maneno: kete, zamu, kula, kufungwa. Kosa dogo la kitabu, kwa jicho la Mswahili, ndilo lililofungua mazungumzo.

Fursa nyingine haikupangwa na waandishi. Mtoto akifika sita, saba na tisa, hukutana na maneno anayoyasikia kila siku kwa Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu; tatu hizi zilivuka bahari. Mtoto wa Jebel Ali, ambaye kwa Kiswahili amezoea kusahihishwa, hapa anaweza kumtangulia mzazi: “Hii hata mwalimu wa Kiarabu anaisema!” Historia ya pwani nzima imo katika mshangao huo, mradi mzazi asikimbilie kufunua ukurasa.

Hatari kubwa ni mzazi kugeuka msimamizi wa mtihani. Swali la “Hii nini?” lina jibu moja tu, na mtoto asiyelijua hunyamaza au hujibu kwa Kiingereza. Uchunguzi wa Grover Whitehurst na wenzake, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kwamba watoto wadogo ambao wazazi wao waliuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu yao waliendelea zaidi katika kusema. Fasihi simulizi ya Kiswahili ilikwisha kulijengea jambo hilo mlango: msimulizi hawezi kuanza kwa “Paukwa” mpaka aitikiwe “Pakawa”. Msikilizaji ana kazi kabla ya hadithi.

Kitabu kina upungufu ambao mazungumzo hayawezi kuuficha. Afrika Mashariki yake kwa sehemu kubwa ni ya mashamba na vijiji. Mtoto aonaye kreni za bandari ya Jebel Ali hataiona Kilindini humo. Huenda akauliza, kitabu kikiisha, meli ziko wapi. Hilo ni swali la mhakiki, na limeulizwa na mtu wa miaka minne. Mzazi akijibu kwa Kiswahili, kuhusu meli alizokuwa akizitazama Likoni akingoja feri, kitabu kitakuwa kimetimiza zaidi ya kilichoandikwa ndani yake.