Nagano 1998: Mtu wa Mita 800 Alikuwa Anatafuta Nini Kule?

Picha ile mmeiona wote, iwe kwenye banda la video au kwenye simu. Mkenya aliyechoka, Philip Boit, anavuka mstari kwenye theluji ya Hakuba, na bingwa aliyemaliza kitambo, Bjørn Dæhlie, anamkumbatia. Kila msimu wa Olimpiki ya baridi inarudi, na kila ikirudi watu wanazungumzia kumbatio. Mimi kumbatio limenichosha. Dæhlie ni muungwana, tumekubali, tuendelee. Ninachotaka kuchambua ni zile dakika 20 alizosubiri, zilitoka wapi. Boit hakuziharibu siku ile ya Februari 12. Ziliharibika miaka miwili kabla, pale mwenye fedha alipoamua kwamba mkimbiaji wa mita 800 atageuzwa kuwa mtu wa kilomita 10 za skii ndani ya misimu miwili ya baridi.

Saa ziko hivi. Dæhlie 27:24.5, Markus Gandler wa Austria 27:32.5, Mika Myllylä wa Finland 27:40.1. Boit 47:25.5, nafasi ya 92, wa mwisho kati ya waliomaliza. Sasa weka pembeni yake saa nyingine: Agosti 1997, nusu mwaka tu kabla ya Nagano, Paul Tergat alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Brussels kwa 26:27.85. Dæhlie alipanda na kushuka vilima kwenye theluji akamaliza umbali uleule kwa chini ya dakika moja zaidi ya Tergat kwenye uwanja wa tartani. Ukizitazama saa hizo mbili harakaharaka utadhani ni kazi moja, inayotaka mapafu yaleyale, tofauti ni viatu. Ndivyo Nike, wenye fedha hao, walivyodhani. Bonde la Ufa lina pumzi, Finland ina theluji na makocha, unganisha. Februari 1996 Boit na mwenzake Henry Bitok wakapelekwa Finland, watu ambao hawakuwahi kuigusa theluji.

Mita 800 ni mbio za chini ya dakika mbili. Mtu wa mita 800 amejengwa kuvumilia maumivu makali kwa muda mfupi. Mwili wake unakopa mapema na kulipa baadaye, na mstari wa mwisho unafika kabla mdai hajabisha hodi. Kilomita 10 kwenye skii ni nusu saa kwa bingwa, na kwa mgeni ni zaidi ya dakika 40, bila mahali pa kukopa. Kenya ya 1996 ilikuwa imejaa watu wa mita 10,000 na mbio za nyika, watu wa nusu saa hasa. Ukawaacha hao wote, ukamchukua mpwa wa Mike Boit! Mike alileta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972 na jina hilo lina uzito wake, lakini jina halipandi kilima. Sisemi mtu wa mita 10,000 angemkaribia Dæhlie. Angechelewa naye, ila asingechelewa kwa dakika 20.

Na hiyo bado ni nusu ya kosa. Rudini kwenye mkanda mtazame miguu, achaneni na uso. Mbio zile zilikuwa za mtindo wa klasiki, skii zikienda sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Skii ya klasiki imepinda kidogo katikati, na sehemu hiyo iliyonyanyuka ndiyo inayopakwa nta ya kushika. Ili ishike, lazima ukanyage kwa uzito wako wote, mguu mmoja, kwa sekunde ileile, nta ibanwe kwenye theluji. Kisha unasukuma, unahamia mguu wa pili, na hapo unatulia juu yake unateleza. Ukikanyaga nusunusu, skii inarudi nyuma, umetumia nguvu na hukusogea.

Mkimbiaji wa uwanjani amefundishwa kinyume cha hayo yote. Tangu shuleni anaambiwa mguu usikae chini: gusa, ondoka, gusa, ondoka. Kadiri anavyogusa kwa muda mfupi ndivyo anavyosifiwa. Huyo ukimpandisha kwenye skii, anakimbia juu ya skii. Anapiga hatua nyingi na fupi, hatulii kwenye mguu mmoja, na ile sehemu ya bure ya safari, ya kuteleza, anaikatisha kila mara. Dæhlie kati ya hatua na hatua anapumzika. Boit hapumziki mahali popote. Ongeza theluji ya siku ile, mbichi na ya majimaji, aina ambayo hata wenye uzoefu inawasumbua kuchagua nta. Mapafu yangesaidia nini hapo? Ile hewa nzuri ya Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, ilikuwa inachoma kuni kwenye jiko lenye tundu.

Halafu mikono. Hili nimelisema hadi wasomaji wangu wa Kibondo wananitania nalo, na nitalisema tena. Skii za masafa ni mchezo wa mwili mzima: mabega, mgongo, tumbo, na zile fimbo mbili zinazosukuma kila hatua. Kwenye tambarare wanariadha wale huacha miguu kabisa, wakainama na kujisukuma kwa fimbo tu. Mkimbiaji wa mita 800 mikono yake ni ya kusawazisha mwendo, haijawahi kuvuta kitu. Kama mtu alitaka kuja Afrika Mashariki kutafuta wateleza theluji, kwa nini aliishia Eldoret? Angeshuka hadi Ziwa Tanganyika akawaone vijana wanaopiga kasia usiku kucha kwenye dagaa, mabega yao na jinsi wanavyosimama ndani ya mtumbwi unaoyumba. Au angepanda huku kwetu, akasimama kandokando ya barabara ya Kasulu siku ya soko, aone mtu anavyoisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima. Lakini wasaka vipaji, wa kwetu na wa nje, ramani yao inaishia Mbulu na Iten. Huku Kigoma wanakuja wakisikia kuna wakimbizi.

Mazoezi yenyewe, baada ya uamuzi huo mbovu, yaliendeshwa vizuri: kambi ndefu Finland, na nyumbani Kenya skii za magurudumu kwenye lami.

Suala la umri halihitaji maneno mengi. Boit alizaliwa Desemba 1971. Alipovaa skii mara ya kwanza alikuwa na miaka 24. Mlinganishe na Sabrina Simader: alizaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo na kukulia kwenye milima ya skii. Mwaka 2018 kule PyeongChang aliiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya kushuka mlima, akawa wa 38 kwenye super-G. Pwani ile haina hewa ya milimani wala mbio za kujivunia, ila yeye alipewa utoto mzima wa kuanguka.

Kuna wanaopenda kumweka Boit kapu moja na John Stephen Akhwari. Nakataa, na sikatai kwa sababu simheshimu Boit. Akhwari kule Mexico 1968 alikuwa mtu wa marathoni ndani ya marathoni. Alianguka, goti likaumia, Mamo Wolde akashinda kwa 2:20:26, na mzee wetu wa Mbulu akaingia uwanjani kwa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Kilichomchelewesha ni ajali. Boit alichelewa bila ajali yoyote. Mpango wake ulikwenda kama ulivyochorwa. Na Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974? Alijua yeye ni nani. Bunduki ikalia, akatoka mbele, akabaki mbele hadi mwisho, 3:32.2, rekodi ya dunia ya mita 1,500, John Walker nyuma yake anatweta. Hakuna mtu wa ofisini aliyemwambia Bayi ajaribu mchezo mwingine. (Waliomzuia kwenda Montreal 1976 ni wa ofisi nyingine, siasa ya kususia michezo, na hilo nitakufa nalo.)

Sifa ya Boit anayostahili iko baada ya kamera kuondoka. Fedha za Nike zilikatika, yeye akaendelea. Salt Lake City 2002 akawa wa 64 kwenye mbio fupi, kilomita 1.5, ambazo angalau zinamfaa mtu wa mita 800. Torino 2006, akiwa na miaka 34, akamaliza kilomita 15 za klasiki akiwa wa 91 na kuna watu nyuma yake. Miaka kumi kamili tangu Februari 1996. Tazameni mkanda wa Torino mkiupata, mtaona anavyotulia juu ya mguu mmoja.

Kilichonirudisha kwenye haya yote ni ujumbe wa msomaji wa Kasanda. Shemeji yake alitoka kambi ya Nyarugusu miaka kadhaa iliyopita akapelekwa Norway, sasa ameshika kazi, na anamwalika wiki mbili za baridi, pamoja na kupanda skii. Msomaji ananiuliza ratiba ya mazoezi, na yeye mwenyewe tayari ameshaijibu: "Nitakuwa nakimbia kila asubuhi hadi barabara kuu, bwana mchambuzi, pumzi haitanishinda." Ni kosa lilelile la 1996, sasa limehamia kijijini.

Ndugu yangu, pumzi unayo. Unakaa mita elfu moja na ushee, unalima, unakwenda gulioni kwa miguu. Kitakachokushinda ni paja. Kushuka kwenye skii, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki kutwa nzima, unavutwa huku unakaza, na kazi hiyo mbio za tambarare haziifundishi. Wewe una milima mlangoni. Chukua debe la mahindi, nusu debe kwa kuanzia, shuka nalo mteremko polepole, magoti yamekunjwa, kisha panda mikono mitupu. Wiki ya kwanza utashindwa kukaa kwenye kigoda. Wiki ya tatu utasahau. Jioni simama mguu mmoja, macho wazi, halafu macho umefumba, dakika moja kila upande. Mikono usiisumbue, jembe limeshaifundisha. Anza miezi mitatu kabla.

Na safari ipangie Machi, usikubali Januari. Januari kule mchana ni mfupi na baridi ni kali. Boit na Bitok walitupwa Finland Februari, katikati ya msimu, mwili ukapigana na baridi na skii kwa pamoja. Machi jua limerudi, theluji bado ipo, na Wanorway wenyewe hupenda kwenda milimani kipindi cha Pasaka. Viza ya Schengen inaruhusiwa kuombwa miezi sita kabla, kwa hiyo ukianza Oktoba hujawahi sana. Wanataka na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Skii, viatu na fimbo zinakodishwa hukohuko, asikudanganye mtu wa mitumba. Siku mbili za kwanza kaa kwenye mifereji ya tambarare, ujifunze kuanguka ubavu, na shemeji akikuambia twende juu mwambie kesho. Zile mbio za asubuhi endelea nazo ukipenda, mara mbili kwa wiki zinatosha.