Ukwaju Kabla ya Wakati

Ile sufuria kubwa ya mbaazi kwenye shughuli ya Jumamosi hapa Likawage haikuponzwa na kuni, wala na mbaazi kukomaa kupita kiasi. Iliponzwa na bakuli la ukwaju. Mliokuwa jikoni mlijionea: maji ndiyo kwanza yamechemka, mbaazi bado zinagonga mwiko, na mpishi anamimina.

Maandalizi hayakuwa na dosari: mbaazi zilizokaukia mtini zilianikwa, zikapigwa, zikapetwa, zilizotobolewa na fukusi zikatolewa, zikalala kwenye maji usiku kucha.

Turudi kwenye ukwaju. Ugumu wa mbaazi kavu unashikiliwa na pektini, gundi inayounganisha chembe zake. Maji ya moto huilegeza, ukali wa ukwaju huizuia isilegee. Kwa mbaazi mbichi kosa hilo lingepita. Kwa kavu, tena zilizokaa ghalani na joto na unyevu wetu huu, ni kuzifunga kufuli. Saa zikaenda. Kuni zikaongezwa, maji yakaongezwa, na hatimaye ikaletwa dawa ya wavivu: magadi.

Nimeyapigia kelele magadi humu miaka nenda rudi. Yanalainisha, sikatai, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Safari hii hata kulainisha yalishindwa kwa sehemu kubwa, maana yalikutana na ukwaju wakaanza kumalizana wao kwa wao. Lile povu lililofurika hadi kwenye mafiga mlidhani ni nini?

Wapishi wa vyungu waliotupikia maulidi zamani hawakuhitaji saa. Walichota mbaazi moja, wakaipoza, wakaibinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Isipobonyea hadi moyoni, hakuna ukwaju, hakuna ndimu, hakuna nyanya. Na mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na mbaazi zikatudodea kusini kote, tulizila kavu hizihizi mpaka tukazichoka, bila mtu kuogopa jino. Jumamosi sikuona hata mmoja aliyebinya.

Tui zito lilitiwa mwisho bila kuachwa lichemke kwa nguvu; hilo sawa. Ukwaju nao ulikuwa wa robo saa ya mwisho, mbaazi zikishaiva. Na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba tatizo ni chumvi, waiache. Chumvi haina kesi hapa.