Leza na Enameli ya Jino: Moto Uliogeuzwa Kuwa Kinga

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani mwaka 1960, kwa kijiti cha yakuti. Haikupita miaka mitano kabla wataalamu wa meno hawajaielekeza kwenye jino. Huko Los Angeles, katika Chuo Kikuu cha California, Ralph Stern na Reidar Sognnaes waliipiga enameli kwa mwanga huo mwekundu, wakakuta imeyeyuka na kuganda upya ikiwa na uso wa kioo. Matumaini ya kuachana na keekee yalipanda, lakini hayakudumu, kwa sababu joto lilikuwa likipenya hadi kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu. Mwaka 1965 Zach na Cohen walionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba kiini kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, takriban asilimia 15 ya viini havipati nafuu tena.

Kosa la leza ya yakuti halikuwa nguvu yake. Karibu asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na maji ni kidogo sana. Wimbi la yakuti, lenye urefu wa nanomita 694, halinyonywi vizuri na madini hayo wala na maji, hivyo sehemu kubwa ya mwanga inaupenya uso na kwenda kuunguza ndani. Anayetaka kuielewa leza yoyote ya meno aanzie hapo: ni nini ndani ya jino kinachonyonya mwanga wake, na pigo moja linachukua muda gani?

Mwaka 1989 Wajerumani Raimund Hibst na Ulrich Keller walichapisha kazi yao juu ya leza ya erbiamu, yenye wimbi la mikromita 2.94. Maji hulinyonya wimbi hilo kwa pupa kubwa. Maji machache yaliyofichika katikati ya madini hugeuka mvuke ghafla, na shinikizo lake huurusha unga wa enameli nje, kama mvuke unavyoinua mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana mgonjwa husikia mlio wa kupasuka-pasuka. Mwezi Mei 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu leza hiyo kutumika kwenye sehemu ngumu za jino.

Chini ya hadubini, enameli iliyokatwa hivyo ni chakavu, yenye vilima na mashimo, bila ule utando wa takataka unaoachwa na keekee. Baadhi ya watu walihitimisha upesi kwamba ukwaruzaji kwa asidi ya fosforiki kabla ya kuziba jino hauhitajiki tena. Sikubaliani nao. Ukwaru peke yake hautoshi: leza huweza kuacha nyufa ndogo chini ya uso, na vipimo vingi vimeonyesha gundi ikishika vizuri zaidi pale asidi inapotumika. Tena kazi ikifanywa bila maji ya kupoza, nyufa huongezeka na uso huungua.

Habari inayonivutia zaidi haihusu kukata. Enameli haikujengwa kwa madini safi: ndani yake kuna kaboneti, na pale ilipo kaboneti ndipo asidi ya bakteria hupata upenyo kirahisi. Joto la nyuzi mia kadhaa, likibaki juu kabisa, huifukuza kaboneti hiyo, na madini yanayobaki huwa magumu kuyeyuka. Huko San Francisco, John Featherstone, Daniel Fried na wenzao waliona kwamba leza ya kabonidayoksaidi ya zamani, ya mikromita 10.6, haikufaa sana kwa kazi hiyo. Wimbi la mikromita 9.6 hunyonywa na madini ya enameli karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo joto hubaki kwenye tabaka jembamba mno. Kwa mapigo mafupi ya mikrosekunde, uso hupata moto wa kutosha na kiini hakipati habari.

Mwaka 2011 Peter Rechmann na kundi hilo walichapisha jaribio kwenye midomo ya watu 24 waliokuwa na meno yaliyopangwa kung'olewa kwa ajili ya kunyoosha mengine. Upotevu wa madini pale palipopigwa leza ulipungua kwa asilimia 46 baada ya wiki 4, na asilimia 87 baada ya wiki 12, ukilinganishwa na sehemu isiyopigwa. Ni matokeo mazuri sana, ila wiki 12 si miaka 10, na watu 24 ni wachache mno kujengea sera ya afya.

Kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, inabaki kuwa kinga ya kwanza ya enameli, na leza ni nyongeza kwa anayeimudu. Ukienda kliniki ukaambiwa kuna leza, muulize daktari ni ya aina gani, kama maji ya kupoza yatatumika, na kama utapewa miwani ya kinga. Daktari anayeijua kazi yake atakujibu bila kusita.