Hongera, Wachochea Kuni wa Rajaportti

Tangu 2018 Ufini imekuwa ikiongoza orodha ya nchi zenye furaha duniani, na mgeni hujiuliza furaha hiyo wameificha wapi, maana barabarani watu wake hawacheki ovyo. Mimi niliikuta Pispala, mjini Tampere, kwenye sauna ya Rajaportti, inayohudumia umma tangu 1906.

Wanaume upande wao, wanawake wao. Unavua nguo zote, unaoga, unapanda hadi kwenye mabenchi ya mbao. Tanuri la mawe limechochewa kuni kwa saa nyingi. Mtu akimwaga kata ya maji, mawe yanaguna, kisha mvuke, wenyewe huuita löyly, unakupanda mgongoni taratibu, mzito, mpaka masikio yanawaka. Hapo huwezi kujua nani bosi, nani fundi bomba. Baadaye watu hukaa uani na taulo zao, miili ikifuka kwenye baridi, na ndipo Mfini mkimya anapoanza kuzungumza na jirani.

UNESCO iliutambua utamaduni huu wa sauna mwaka 2020, na ilistahili. Lakini pongezi zangu ni za wachochea kuni, wanaowahi kuwasha moto ili jioni mgeni kama mimi asogezewe nafasi bila kuulizwa ametoka wapi.